Vikonyo Vitatu vya Nyinyoro

Kila siku shule ilipofungwa, Ishbel hakwenda kwao moja kwa moja. Alivuka uwanja wa soko wa mji mdogo wa Melrose, akakata kona kwenye duka la nyama, akaingia nyumbani kwa bibi yake kwa mlango wa jikoni bila kubisha hodi. Mama yake alifanya kazi katika duka la dawa mpaka jioni, na tangu Ishbel aanze darasa la kwanza, saa hizo mbili za katikati zilikuwa zake na Bibi. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, na njia ile angeweza kuipita huku amefumba macho.

"Mikono," Bibi alisema bila kugeuka.

"Nimenawa, Bibi."

"Umenawa shuleni, kisha ukaja ukipapasa kila ukuta wa mji huu. Nawa tena."

Ishbel akanawa, akajifunga aproni, akaketi kwenye kigoda chake. Mezani palikuwa na kibao cheupe kilichopakwa mafuta kidogo, na juu yake donge la kinyunya cha sukari lililofunikwa kwa nailoni lisikauke. Bibi Maisie alikuwa fundi wa maua ya sukari ya kupambia keki za harusi. Alikisukuma kinyunya mpaka kikawa chembamba kama ganda la kitunguu, akakata petali, akazilainisha kingo kwa ncha ya kidole, akazifunga kwenye waya moja baada ya nyingine. Waridi lake ungelitazama ukaogopa kuchomwa na miiba. Katika mji wetu mtu akifunga ndoa, watu huuliza kwanza keki imetoka kwa nani, ndipo waulize bwana harusi ni nani.

Mwezi ule wa Mei kazi ilikuwa ya harusi ya Rhona, binti wa mwenye karakana ya magari. Rhona alitaka kushika shada la nyinyoro za mabondeni, kama mama yake alivyoshika zamani, na keki yake alitaka ifanane na shada. Nyinyoro hizo ni maua madogo meupe yenye umbo la kengele, yaning'iniayo kwenye kikonyo chembamba. Kwetu huchanua Mei, chini ya kuta zenye kivuli, na harufu yake huingia mpaka ndani ya nyumba.

"Si tungechuma tu za kweli tukazibandika juu ya keki?" Ishbel aliuliza siku Rhona alipokuja kuagiza.

"Nyinyoro ya kweli haipandi kwenye keki," Bibi alijibu, akaendelea kuchora mchoro wake. Ishbel akadhani sababu ni kwamba ua la kweli hunyauka. Hakuuliza zaidi, na Bibi hakueleza.

Siku hiyo Rhona alikuwa amekuja na Effie, mtoto wa kaka yake, mwenye miaka minne. Effie ndiye angemtangulia bibi harusi kanisani akimwaga petali. Aliegemeza kidevu ukingoni mwa meza, akaitazama kengele moja ya mfano kwa uchu usiofichika.

"Inaliwa?"

"Inaliwa. Ni sukari tupu," Bibi alisema. "Siku ya harusi, ukimtangulia shangazi yako vizuri bila kulia, kengele ya mbele kabisa ni yako. Nitaichomoa kwenye waya kwa mkono wangu mwenyewe."

"Apa!"

Bibi akainua mkono akaapa, na Rhona akacheka mpaka akajifuta machozi.

Vikonyo vilivyohitajika vilikuwa tisa, na kila kikonyo kengele nane. Kengele moja ni kidonge kidogo kuliko dengu, kinachotobolewa katikati, kikapanuliwa, kisha kingo zake zikakunjwa nje mara sita. Kazi ya namna hiyo ni mateso kwa mtu mwenye baridi yabisi ya vidole, na Bibi alikuwa nayo. Kila baada ya kengele tano aliweka kijiti chake chini, akaingiza vidole kwapani vipate joto, akatulia kidogo huku akiangalia dirishani. Ishbel aliyaona hayo yote. Alimpenda bibi yake kuliko mtu yeyote duniani, na vidole vile vilipouma, vilimuuma na yeye.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, Bibi alikuwa na miadi hospitalini ya kuchomwa sindano za vidole. Ishbel alipofika kutoka shule alimkuta amekwisha vaa koti.

"Sikiliza, kipenzi. Kengele zote ziko tayari. Zimebaki majani kumi na mawili. Yamepakwa poda ya kijani, na poda inataka mvuke ili ishike. Chemsha birika, shika jani juu ya mvuke, hesabu moja, mbili, tatu, ondoa. Ukifika nne umepika uji. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Majani tu. Kengele usizipeleke karibu na birika hata kwa salamu. Ni nyembamba mno."

Bibi akaondoka. Ishbel akachemsha birika, akaanza kazi. Jani la kwanza lilitoka linang'aa kama lililonyeshewa mvua asubuhi ile. La pili vilevile. Kufikia la kumi na mbili alijiona fundi mkuu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alizitazama kengele zilizochomekwa kwenye sponji, akaziona zimefifia mbele ya majani yale. Zikipata mvuke kidogo, si zitang'aa na zenyewe? Hesabu mbili tu, wala si tatu. Bibi angerudi akashangaa.

Akachukua vikonyo vitatu kwa pamoja, akavishika juu ya birika. Moja. Simu ikalia.

"Umekula, mwanangu?" ilikuwa sauti ya mama yake.

"Ndiyo, Mama."

"Umekula nini?"

"Mkate na jibini."

"Haya. Usimsumbue Bibi akirudi, ametakiwa apumzike."

Ishbel akakata simu, akageuka. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mvuke. Kengele ishirini na nne zilikuwa zimelegea, zikateleza kwenye waya, zikagandana chini kuwa donge moja jeupe linalonata. Alijaribu kuitenganisha moja, ikavutika kama ubani uliotafunwa.

Alikaa kitako sakafuni. Sitaki nimsingizie wala nimtetee: aliogopa kugombezwa, kama mtoto yeyote. Lakini kilichomtoa machozi hasa ni kingine. Alijua Bibi atafanya nini akiambiwa. Hatapiga kelele sana. Ataketi na vidole vyake vilivyochomwa sindano, vilivyoagizwa vipumzishwe siku mbili, aanze kengele ishirini na nne upya mpaka alfajiri. Ishbel hakuweza kulivumilia wazo hilo.

Akatazama nje. Upande wa pili wa ua, chini ya ukuta wa Bwana Tait, jirani yao, nyinyoro za mabondeni zilikuwa zimechanua tele.

Hakufikiri mara mbili. Alichukua mkasi, akavuka ua, akachagua vikonyo vitatu vyenye kengele nane nane kamili. Akarudi akavizungushia utepe wa kijani kama alivyomwona Bibi akifanya, akavichomeka mbele, katikati ya vile sita vya sukari. Donge lililoyeyuka alilitupa pipani chini ya maganda ya viazi. Kisha akarudi nyuma hatua moja kuangalia. Hata yeye ilibidi akodoe macho kuvitambua vilivyo vya kweli.

Bibi alirudi saa kumi na moja, vidole vimefungwa bandeji.

"Hee! Mbona chumba kinanukia hivi leo?"

"Nilifungua dirisha, Bibi," Ishbel alisema. "Ni bustani ya Bwana Tait."

"Dirisha! Na unyevu huu! Unataka sukari yangu inywe mvua?" Bibi alilisukuma dirisha ahakikishe limefungwa, akavaa miwani, akainua kichane kizima cha nyinyoro kwenye mwanga. Alikigeuza polepole.

"Unaviona hivi vitatu vya katikati?" Bibi alisema taratibu. "Miaka thelathini natengeneza kengele, Ishbel. Hivi ndivyo nilivyovipatia kuliko vyote. Sijui mkono wangu ulikuwa na nini siku hiyo."

Akatabasamu, na uso wake uliochoka ukawa wa msichana. Ishbel akasema anaumwa na tumbo, akaenda kukaa bafuni hadi mama yake alipokuja kumchukua.

Jumamosi asubuhi mama yake na Bibi walipakia keki kwenye gari: ghorofa tatu, nyeupe pe pe pe, na maua ndani ya sanduku lake. Waliipeleka kwenye hoteli ya kando ya mto, ambako bibi harusi alikuwa akivalishwa na ambako karamu ingefanyika. Mama alimshusha Bibi huko akaenda kazini. Ishbel aliachwa nyumbani kwa Bibi aoshe vifaa, halafu amfuate kwa miguu.

Alikuwa akisugua kibao pale Bwana Tait alipotokeza mlangoni, glavu za bustani mkononi. Alikuwa mzee mrefu mwenye maneno machache, na kwa kawaida alipokuja ilikuwa kuleta kitunguu au kulalamikia paka.

"Nani kachuma nyinyoro zangu?"

Ishbel akaganda.

"Sina ugomvi na maua, mtoto. Yako mengi. Nauliza kwa sababu nimeona alama za viatu vidogo pale chini. Ulinawa mikono baadaye?"

"Kwa nini, Bwana Tait?"

"Kwa nini! Ile ni sumu, binti. Jani, ua, kikonyo, hata maji ya chombo ulimoyaweka. Inakwenda kwenye moyo. Mbwa wangu wa kwanza alikunywa maji ya chombo cha nyinyoro, na hakuiona jioni. Ndiyo maana naipanda ukutani kule, mbali na watoto wa watu." Akamtazama vizuri. "Vipi, umekuwa mweupe hivyo? Umeila?"

"Hapana. Hapana, Bwana Tait. Ahsante."

Ishbel alikuwa amekwisha kuvua aproni. Effie! Kengele ya mbele kabisa ilikuwa ahadi ya Effie, na Bibi angeichomoa kwa mkono wake mwenyewe. Alikimbia uwanja mzima wa soko, akapita watu bila kusalimu, akateremka njia ya mto mpaka kifua kikamwaka moto.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa umepambwa tayari na haukuwa na mtu. Keki ilisimama peke yake juu ya meza ya duara, kichane cha nyinyoro kimechomekwa kileleni. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya Bibi akinywa chai na mpishi na kucheka. Hakuna aliyekuwa amemwona Ishbel akiingia.

Akasimama mbele ya keki, na wazo jipya likamjia, laini kabisa. Achomoe vikonyo vitatu tu. Avitie mfukoni, akavitupe mtoni. Vitabaki sita vya sukari, na nani atahesabu? Effie atakuwa salama, Bibi hatajua, na yote yatakwisha bila mtu kuumia. Akanyoosha mkono, akavitoa kimoja kimoja, akazihesabu kengele zake kwa mazoea.

Nane. Nane. Saba.

Akahesabu tena. Saba. Akainama, akatazama mezani, chini ya meza, kwenye mikunjo ya kitambaa. Kengele moja ya kweli ilikuwa imeanguka mahali fulani kwenye keki ile nyeupe yote, nayo ilikuwa nyeupe. Kadiri alivyozidi kuitafuta ndivyo kila tone la sukari lilivyoonekana kuwa ndilo. Hapo akajua kwamba hili hawezi kulimaliza peke yake. Akavishika vikonyo vitatu mkononi, akaenda jikoni.

"Bibi."

Bibi akageuka. Akauona uso wa mjukuu wake, akaona kilichokuwa mkononi, na kikombe kikarudi kwenye kisahani bila kunywewa.

Ishbel akasema yote: birika, simu, donge, ukuta wa Bwana Tait, utepe wa kijani, dirisha ambalo hakulifungua. Akasema na kengele iliyopotea. Alisema kwa haraka asije akaogopa katikati. Mpishi alibaki ameshika birika la chai hewani.

"Umetia vidole mdomoni?" Hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza la Bibi.

"Sikumbuki... hapana."

"Jana ulisema tumbo linauma."

"Nilidanganya, Bibi. Lilikuwa haliumi."

"Nawa. Sabuni, mpaka kwenye viwiko." Akamgeukia mpishi. "Duncan, nipe karatasi na glavu."

Waliikuta ile kengele nyuma ya keki, imezama kwenye ganda laini la sukari la ghorofa ya juu, karibu na utepe. Bibi aliitoa kwa kibanio. Kisha akachomoa kichane chote, pamoja na vikonyo sita vya sukari vilivyokuwa vimegusana na vile vya kweli, kengele arobaini na nane za vidole vyake, akavitia vyote kwenye karatasi na karatasi pipani. Ishbel alitamani Bibi ampige kuliko kuyaona hayo.

"Na ghorofa hii ya juu haitaliwa," Bibi alisema.

"Si hailiwi leo hata hivyo, Bi Maisie?" mpishi aliuliza. "Ya juu huwekwa mpaka ubatizo wa mtoto wa kwanza. Ifute tu pale palipogusa."

"Niifute, halafu aile mama anayenyonyesha? Hapana, Duncan. Sipiki kwa kubahatisha."

"Basi nani atamwambia bibi harusi? Mimi simo."

"Mimi," Ishbel alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilimtoka.

Bibi aliweka mkono wake wenye bandeji juu ya bega la Ishbel, wakapanda ngazi pamoja.

Rhona alikuwa ameketi mbele ya kioo, nusu ya nywele imepambwa na nusu bado iko kwenye vibanio. Mama yake, Bi Nesbitt, alikuwa akipiga pasi shela. Effie alikuwa akirukaruka kitandani kwa soksi.

"Kengele yangu imefika?" Effie akauliza.

Ishbel alieleza akimtazama Rhona machoni, kwa sababu aliona akitazama chini hatamaliza. Bi Nesbitt akaacha pasi. "Siku ya harusi! Sumu! Kwenye keki ya mwanangu! Bi Maisie, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naisifia," Bibi alijibu. "Niliitazama kwa miwani nikaisifia. Lawama hiyo ni yangu, sikimbii."

Rhona alimvuta Effie mapajani, akamkumbatia, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika, "Shangazi, unanibana."

"Ungeweza kuvichomoa ukanyamaza," Rhona alisema hatimaye. "Hakuna ambaye angejua."

"Kengele moja ilikuwa imepotea," Ishbel alisema. "Isingepotea, labda ningenyamaza. Sijui." Machozi yakaanza kumtiririka. "Samahani, Rhona. Samahani sana."

"Nimekasirika, Ishbel. Sitakudanganya." Rhona alimpapasa Effie mgongoni. "Nimekasirika kweli. Ila nimekasirika nikiwa nimempakata Effie na yeye ni mzima. Nenda na bibi yako muone mtafanya nini. Nina saa mbili na nusu."

Fundi wa kweli hatembei bila kikapu cha matengenezo, na cha Bibi kilikuwa na kinyunya kidogo, waya, kijiti na gundi. Mpishi akawapa chumba cha mashuka, ndicho kilichokuwa kikavu kuliko vyote. Bibi akaweka vidole vyake vya bandeji juu ya meza.

"Daktari kavifunga. Leo mimi ni mdomo, wewe ni mkono. Viringisha kidonge. Kidogo zaidi. Hiyo ni kengele au chungu cha kupikia?"

Kengele tatu za kwanza zilipasuka. Ya nne ikasimama. Ya tano ilitoka kama kofia ya mzee. Mpishi akafungua mlango akiwa na kikombe kinachotoka moshi, na wote wawili wakapiga kelele kwa pamoja, "Toa chai humu!" Akakimbia. Bibi akacheka, na Ishbel akacheka huku bado akivuta kamasi. Kufikia saa saba kasoro walikuwa na kikonyo kimoja cha kengele saba, zimepinda kila moja upande wake, na kengele ya nane isiyo na waya, imewekwa kando juu ya kitambaa safi.

Keki ilisimama kwenye karamu ikiwa na ghorofa mbili na kikonyo kimoja tu cha nyinyoro. Wageni walisema imependeza kwa jinsi ilivyo nyepesi. Effie alikuwa amemtangulia shangazi yake kanisani vizuri, isipokuwa alilia mara moja, na akadai kwamba mara moja haihesabiki. Bibi akampa kengele yake. Ishbel alisimama pembeni na kutazama meno madogo yakiivunja, na hakupumua mpaka mtoto alipomeza.

"Tamu," Effie alisema. "Nyingine?"

Baadaye Bibi na Ishbel waliketi kwenye ngazi za nje, watoto wengine wakichezacheza kwenye majani.

"Ulitaka kunihurumia vidole," Bibi alisema.

Ishbel akatikisa kichwa kukubali.

"Nimelijua hilo, na nimelipokea. Lakini nisikilize vizuri, mwanangu. Vidole vyangu vikiuma, daktari yupo, na sindano zipo. Ukiniambia kengele zimeyeyuka, tunabaki na vikonyo sita na tunacheka. Ukinificha, naibeba sumu kwa mikono yangu miwili mpaka mezani kwa watu, huku naisifia. Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa nalo ni hivyo hivyo. Likisemwa mapema ni dogo. Likifichwa linakua, tena linakulia kwa mtu asiye na hatia." Akaitazama bandeji yake. "Na mimi nina langu. Nilikwambia nyinyoro ya kweli haipandi kwenye keki, sikukwambia kwa nini. Mtoto akikatazwa bila kuambiwa sababu, amefungiwa mlango bila kufuli. Kuanzia leo utaniuliza kwa nini, na mimi nitajibu, hata nikiwa na kazi."

"Na mimi nikiharibu nitasema," Ishbel alisema. "Siku hiyo hiyo."

"Saa hiyo hiyo."

"Saa hiyo hiyo, Bibi."

Mlango ukafunguka nyuma yao, akatoka Bi Nesbitt, kofia yake ya manyoya imekaa upande. Alikuwa amekwisha kunywa shampeni kidogo, lakini uso wake ulikuwa bado wa mtu anayedai.

"Bi Maisie, na keki ya ubatizo je? Ghorofa ya juu umeitupa. Mjukuu wangu akizaliwa tutakula nini?"

"Nitaoka nyingine wiki ijayo, tena bure. Keki ya matunda inapendeza ikikaa."

"Na maua yake? Na vidole hivyo?"

"Maua atatengeneza huyu."

"Huyu!" Bi Nesbitt akamnyooshea kidole Ishbel kama mtu anayeonyesha tundu kwenye paa. "Huyu wa leo?"

"Huyu huyu wa leo," Bibi alisema. "Mafundi wenye vidole vizuri wapo wengi, Bi Nesbitt. Lakini aliyepanda ngazi kumwambia bibi harusi ukweli, saa mbili na nusu kabla ya kanisa, namjua mmoja. Kwa keki ya mtoto mchanga, sitafuti mwingine."

Bi Nesbitt alimtazama Ishbel kwa muda mrefu, toka viatu mpaka macho mekundu. Kisha akaketi nao kwenye ngazi, akavua viatu vyake vya harusi vilivyokuwa vikimbana.

"Basi na atengeneze nyinyoro," akasema. "Za sukari."